Fomu imejaa #Name? na haikubali kuandika: anza kwenye kwiri, kodi iache kwanza

Mkuu, swali lako lilikuwa refu kidogo, nalifupisha ili na anayesoma pembeni afuate. Una databesi ya Access (programu ya databesi ya Microsoft) ya kutunza oda: jedwali la Wateja, la Oda, na la Mistari (yaani bidhaa zilizomo ndani ya kila oda). Fomu ilikuwa inakwenda vizuri tu mpaka siku ulipobadilisha jina la fildi (safu ya jedwali) ya Simu ikawa SimuYaMkononi, alafu ukaunganisha majedwali yote matatu kwenye kwiri moja (query, yaani swali lililohifadhiwa linalochota data kwenye majedwali) ili "kila kitu kiwe sehemu moja". Oda zikaanza kujirudia, ukaweka Unique Values iwe Yes, zikaacha kujirudia. Kikaanza kutokea kidirisha kinakuuliza OdaID, ukafuta propati (mipangilio) mbili kwenye subfomu, ile fomu ndogo iliyo ndani ya fomu kubwa, kikatulia. Sasa kisanduku cha simu kinaonyesha #Name?, visanduku vingine data inaonekana ila ukigonga kibodi haiandiki kitu, na subfomu inaleta bidhaa za oda zote za dunia badala ya oda iliyo mbele yako. Umekesha siku mbili na VBA (lugha ya kodi ya Access) ukijaribu kulazimisha. Na ukamalizia kwa kuuliza kama kuhamia SQL Server (databesi kubwa ya Microsoft inayokaa kwenye seva) kutaondoa haya matatizo.

Hiyo kodi ya siku mbili ifute. Sikutanii. Hakukuwa na kosa la kodi kabla hujaiandika, na hakuna tatizo lolote inalolitibu, manake matatizo yako yote yako sehemu ambayo kodi haifiki vizuri, na ukiiacha itakuja kukuzuga mbele ya safari, utarekebisha kitu kikae sawa alafu kodi ikivuruge tena uanze kulia upya. Kopi faili zima kwanza uliweke pembeni, alafu ndio ushike nyundo.

Kitu ambacho watu wengi hawakishiki mapema ni kwamba fomu haina data. Haina hata punje. Fomu inachungulia tu kwenye jedwali au kwiri uliyoiandika kwenye Record Source, na kila kisanduku kinachungulia fildi moja uliyoiandika kwenye Control Source yake. Kwa hiyo fomu ikigoma, swali la kwanza ni je, huko inakochungulia kuko sawa? Funga fomu kabisa, nenda kwenye kwiri yenyewe, ifungue peke yake ionekane kama jedwali, alafu jaribu kubadilisha herufi moja kwenye mstari wowote. Inakubali? Basi kosa liko kwenye fomu. Haikubali? Basi fomu haina hatia, unaweza kuipaka rangi, kuifuta na kuijenga upya mara kumi, haitaandika. Jaribio hili linachukua sekunde kumi na linakukatia tatizo katikati, na aisee sijui kwa nini watu tunalikumbuka mwisho, mimi mwenyewe nikiwemo.

Kwenye hilo jaribio angalia pia chini kabisa ya kwiri, pale kwenye vitufe vya kusogea kati ya rekodi. Kuna kile chenye kinyota cha kuongeza rekodi mpya. Kikiwa kimefifia hakibonyezeki, hiyo kwiri ni ya kusoma tu. Ukigonga kibodi, mstari wa chini wa dirisha unakuandikia kwamba Recordset (yaani hizo rekodi kwiri ilizoleta) haiwezi kubadilishwa, ila maandishi yenyewe ni madogo na yako pembeni kiasi kwamba mtu anaweza kukaa wiki nzima hajayaona, anadhani kibodi imekufa.

Sasa kwako naweza kukwambia bila hata kuona faili kwamba kinyota kimefifia, na aliyekififisha ni ile Unique Values. Ukiiweka Yes, Access inaongeza neno DISTINCT kwenye SQL ya kwiri (maandishi ya amri yaliyo nyuma yake), na DISTINCT maana yake "mistari inayofanana nionyeshe mmoja tu". Fikiria upande wa Access: mstari mmoja unaouona kwenye skrini unaweza kuwa umetokana na mistari mitano ya kweli. Ukibadilisha jina la mteja hapo, iandike kwenye upi? Haijui, kwa hiyo inakataa kabisa. GROUP BY (kukusanya mistari kwa makundi) inakufanyia hivyo hivyo, UNION (kuweka matokeo ya kwiri mbili pamoja) hivyo hivyo, kwiri yoyote yenye Totals (jumla) hivyo hivyo, na kwiri za msalaba (crosstab) pia. Ukiona mojawapo ya hizo ndani ya kwiri ya fomu ya kuandikia, usihangaike na mengine.

Ila DISTINCT uliiweka kutibu dalili. Ugonjwa wenyewe ni kwamba uliingiza jedwali la Mistari kwenye kwiri ya fomu kubwa. Oda moja ina bidhaa tano, ukiunganisha Oda na Mistari unapata mistari mitano ya oda ile ile, ni hesabu tu, Access haijakosea. Na Mistari haikuwa na sababu ya kuwepo hapo, kwa sababu tayari una subfomu ambayo kazi yake ni hiyo hiyo! Kwa hiyo fungua kwiri kwenye Design View (mwonekano wa kuisanifu), bofya boksi la Mistari pale juu, bonyeza Delete, rudisha Unique Values iwe No, hifadhi, fungua tena ujaribu kuandika. Itaandika. Isipoandika, angalia kama Wateja wana ufunguo mkuu (primary key, fildi inayotofautisha kila mstari na mwingine) kwenye MtejaID, manake ukiunganisha majedwali mawili na ule upande wa "mmoja" hauna ufunguo mkuu wala indeksi isiyoruhusu kujirudia, hapo pia Access inashindwa kujua nani ni nani na inafunga mlango. (Kwenye LibreOffice Base, programu nyingine ya databesi, ni kali zaidi, jedwali lisilo na ufunguo mkuu huandiki kabisa, hata likiwa peke yake.)

Mimi kwa kweli hata Wateja ningewatoa. Fomu ya oda chanzo chake kiwe jedwali la Oda tu, na mteja umchague kwa kombo boksi (kisanduku chenye orodha inayoshuka). Kadiri kwiri ya fomu inavyobeba majedwali mengi ndivyo siku moja mtu atakapofuta jina la mteja pale kwenye fomu ya oda akidhani anaisafisha oda, kumbe amembadilisha mteja kwenye oda zake zote za miaka yote. Nimeshaona hii, na haikuwa na sauti yoyote, hamna erra hamna nini, watu waligundua baadae sana.

Kwiri ikikubali lakini fomu bado inakataa, rudi kwenye fomu, bonyeza F4 dirisha la propati lifunguke, kichupo cha Data. Allow Edits isiwe No. Recordset Type isiwe Snapshot (ya kusoma tu), iwe Dynaset. Na hii Data Entry inachanganya watu kwa jina lake, mtu anaona "Data Entry" anasema si ndio, nataka kuingiza data, anaweka Yes, alafu fomu inafunguka tupu na anadhani rekodi zake zote zimefutika. Hazijafutika. Yes pale maana yake onyesha rekodi mpya tu, za zamani zifiche. Weka No moyo utulie. Na kama fomu inafunguka nyeupe kabisa, hata visanduku vyenyewe havionekani, hiyo ni kwamba hakuna rekodi ya kuonyesha na wakati huo huo hairuhusiwi kuongeza mpya, kwa hiyo Access inaona haina cha kuchora.

Sasa #Name?. Hii ni rahisi kuliko sura yake. Access inakwambia: jina uliloniandikia nimelitafuta sijalipata. Basi. Kisanduku chako bado kimeandikwa Simu, huko kwenye jedwali hakuna tena Simu. Fungua fomu kwenye Design View utaona kipembetatu kidogo cha kijani kwenye kona ya kisanduku, ukikigusa kinakwambia hakuna fildi hiyo kwenye orodha. Usiandike jina kwa mkono, bofya kile kimshale cha Control Source na uchague kutoka kwenye orodha inayoshuka, kwa sababu orodha ile inatoka kwenye Record Source yenyewe, na kama SimuYaMkononi haimo kwenye orodha basi umeshajua kosa jingine, kwamba hukuiweka kwenye kwiri. Mtu anayeandika kwa mkono ndiye anayeweka nafasi moja ya ziada mwishoni alafu anatafuta mchawi.

Kama una fomu kumi na ripoti kumi na tano zote zinaita Simu, kuna njia ya mkato: kwenye kwiri, kwenye kile chumba cha fildi, andika Simu: SimuYaMkononi. Hapo kwiri inaitoa fildi kwa jina lake la zamani na kila kinachotegemea kwiri hiyo kinafufuka. Sio usafi sana ila inakupa muda. Kuna kitu kinaitwa Name AutoCorrect kwenye Access ambacho eti kinafuatilia majina ukibadilisha, siku nyingine kinafanya kazi siku nyingine kinakuacha njiani, na kodi ya VBA hakiigusi kabisa, kwa hiyo usikitegemee.

Ila ukiona #Name? kwenye kisanduku chenye hesabu au fomula, kwa mfano =Date(), na fomula yenyewe haina kosa, tena imetokea baada ya kuhamisha faili kwenda kompyuta nyingine, hapo nenda kwenye dirisha la VBA, menyu ya Tools, References. Ukikuta mstari umeandikwa MISSING mbele yake, ndio huyo. Rejea moja ikikosekana inaweza kuzima hata vitendaji vya kawaida ambavyo havihusiani nayo. Toa tiki, fomula zinarudi.

Hapa niseme kitu kuhusu majina. Watu wanaozipa fildi zao majina ya Kiingereza wanaangukia kwenye Name na Date, ambayo Access tayari ina matumizi yake. Ukiwa na fildi inaitwa Name na ukaandika Me.Name kwenye kodi, unapata jina la fomu, sio la mteja. Sisi tunaoandika Jina na Tarehe tumeponea hapo bila hata kujua. Usiache.

#Error ni ndugu yake lakini sio yeye. Huyu jina amelipata ila hesabu imemshinda. Iliyonikalisha mimi zaidi ilikuwa kwenye fomu ya stoo ya mteja mmoja, kisanduku kimeandikwa =[Bei]*[Idadi], fildi zote zipo, namba zote ni namba, na bado #Error. Nimebadilisha fomula jioni nzima. Kumbe nilikuwa nimeburuta fildi ya Bei kutoka kwenye orodha, Access ikakipa kisanduku jina lile lile Bei, alafu mimi nikabadilisha Control Source ikawa fomula. Sasa kisanduku kinachoitwa Bei kinatafuta Bei, kinajikuta chenyewe, kinazunguka. Nikakiita txtJumla, ikakaa sawa hapo hapo. Tangu siku hiyo kisanduku chochote chenye fomula nakipa jina lake tofauti na fildi yoyote, hata kabla sijaandika alama ya =. Na kama hesabu inaleta utupu, hamna erra, basi mojawapo ni Null (hakuna thamani kabisa), Null ikizidishwa na chochote inabaki Null, ifunge kwa Nz, ambayo inaigeuza Null kuwa 0: =Nz([Bei],0)*Nz([Idadi],0).

Subfomu. Kile kidirisha kilichokuwa kinauliza OdaID kilikuwa kinakusaidia, ulikifukuza. Ilivyokuwa ni kwamba baada ya kuingiza Mistari kwenye kwiri kubwa, ukawa na OdaID mbili, ya Oda na ya Mistari, na Access ikazipa majina marefu, Oda.OdaID na Mistari.OdaID, ili zisigongane. Subfomu ikaita OdaID kavu, hayupo mwenye jina hilo, ndio ikakuuliza wewe. Ulipofuta Link Master Fields na Link Child Fields ukakata kamba kati ya mzazi na mtoto, mtoto akawa huru, analeta kila kitu. Ukishaitoa Mistari kwenye kwiri, OdaID inabaki moja, rudisha zile propati mbili zote ziwe OdaID.

Shida ni kuzipata, kwa sababu hazipo kwenye fomu ya ndani, zipo kwenye fremu inayoishikilia. Ukiwa Design View bofya mara moja tu kwenye ukingo wa subfomu, usibofye ndani, uangalie juu ya dirisha la propati paandikwe Subform/Subreport. Ukiona pameandikwa Form, umeshaingia ndani, bofya nje kabisa alafu rudi ukingoni. Na fremu hiyo ina jina lake ambalo linaweza kuwa tofauti na jina la fomu iliyomo ndani, kwenye kodi na fomula unaita jina la fremu: Forms!frmOda!subMistari.Form!txtJumla. Nusu ya watu wanaoniuliza kwa nini jumla ya subfomu inaleta #Name? kwenye fomu kubwa, wameita jina la fomu. Hakikisha pia OdaID ni aina moja kote, isiwe huku namba kule maandishi.

Ukimuweka mteja kwenye kombo boksi nilivyokushauri, kuna mtego wa kuhesabu. Kombo yako itakuwa na safu mbili, MtejaID na Jina, ID unaificha kwa kuweka upana wake 0. Bound Column, ile safu ambayo thamani yake ndiyo inahifadhiwa, iwe 1. Ukiweka 2 inajaribu kuingiza jina kwenye fildi ya namba na inakukatalia kwamba thamani haifai. Lakini ukienda kwenye kodi kutaka jina, unaandika cboMteja.Column(1), kwa sababu huko wanahesabu kuanzia 0. Safu hizo hizo, hesabu mbili. Nani aliamua hivyo sijui alikuwa na ugomvi na nani.

Na ulitaja kwa kupita tu kwamba ukibonyeza kitufe cha kuchapisha, ripoti inatoka na data ya zamani. Angalia upande wa kushoto wa rekodi, kuna kipenseli. Kipenseli kikiwepo, ulichoandika bado kiko kwenye fomu, hakijaingia kwenye jedwali, na ripoti inasoma jedwali. Inaingia ukihamia rekodi nyingine, ukifunga fomu, au ukibonyeza Shift na Enter. Kwenye kitufe chako, kabla ya mstari wa kufungua ripoti weka If Me.Dirty Then Me.Dirty = False, yaani kama kuna kitu hakijahifadhiwa, kihifadhi. Huo ndio mstari pekee wa kodi ninaokuruhusu. Uweke pia kwenye kitufe cha kufunga fomu, manake DoCmd.Close ina tabia mbaya, kama rekodi haiwezi kuhifadhiwa, tuseme kuna fildi ya lazima iko tupu, inafunga kimya kimya na kazi ya mtu inapotea bila onyo.

Kuhusu SQL Server: hapana, haitaondoa hata moja kati ya haya, na itakuongezea ya kwake. Mawili utakutana nayo mapema. La kwanza, ukiunganisha Access na jedwali la huko SQL Server lisilo na ufunguo mkuu, Access inalifanya la kusoma tu, unarudi pale pale pa kinyota kilichofifia. La pili ni ujumbe wa Write Conflict, unaambiwa mtu mwingine amebadilisha rekodi hii, na wewe uko peke yako ofisini. Mara nyingi chanzo ni fildi za aina ya bit, zile za ndio au hapana, zilizoruhusiwa kuwa Null. Access haina Null kwenye ndio au hapana, inasoma Null kama hapana, ikirudi kulinganisha inaona rekodi imebadilika, inapiga kelele. Zipe fildi hizo thamani ya kuanzia 0, jaza 0 kwenye Null zote zilizopo, zikataze Null, ongeza na safu moja ya rowversion (alama inayobadilika yenyewe kila rekodi inapobadilishwa) kwenye jedwali, alafu uunganishe majedwali upya kutoka Access, kwa sababu usipounganisha upya Access itaendelea kuamini sura ya zamani na utadhani nimekudanganya.